Jeshi, Askari na Shamba: Maana na Kazi ya Majeshi ya Taifa katika Kiswahili cha Kongo

Anayefungua kamusi ya Kiswahili kutafuta neno jeshi atakuta kwanza maana tunayoijua sote, yaani kundi kubwa la watu waliofunzwa vita na kupewa silaha. Katika kamusi za zamani atakuta pia maana nyingine, pana zaidi: umati, watu wengi waliokusanyika pamoja. Neno lenyewe tulilipokea kutoka Kiarabu, jaysh, likazoea kinywa chetu kwa irabu ya mwisho kama ilivyo desturi. Makala haya yanuia kueleza neno hilo pamoja na ndugu zake wachache, askari, mlinzi, raia, mzalendo, na kwa njia hiyo kuuliza jeshi la taifa ni kitu gani na kazi yake ni ipi.

Tumechagua njia ya maneno kwa sababu maalumu. Nchini kwetu jeshi limekuwa na majina matano ya kiserikali. Liliitwa Force Publique tangu enzi ya Leopold wa Pili hadi mwaka 1960; kisha Armée Nationale Congolaise; baada ya nchi kuitwa Zaire mwaka 1971 likawa Forces Armées Zaïroises; mwaka 1997 likawa Forces Armées Congolaises; na tangu mwaka 2003 ni Forces Armées de la République Démocratique du Congo, ambalo sote twaliita kwa herufi zake, FARDC. Majina matano, yote ya Kifaransa, na kila moja lilitangazwa kuwa mwanzo mpya. Wakati huohuo mama muuza unga wa mihogo sokoni Lubumbashi, Uvira au Kisangani hakubadilisha neno lake: wale walikuwa basoda, na wakabaki basoda. Pale ambapo jina la serikali linabadilika na neno la watu linabaki lilivyo, mwanafunzi wa lugha ana jambo la kuchunguza.

Tuanze na askari. Katika Kiarabu askar ni jeshi, na askari ni sifa: cha jeshi, mtu wa jeshi. Lakini Kiswahili kimelipanua neno hili kupita kiasi cha asili yake. Mwanajeshi ni askari, polisi ni askari, mlinzi wa gereza ni askari, hata mzee anayekesha mlangoni mwa ghala la Mhindi ni askari. Wageni wanaojifunza lugha yetu hulalamika kwamba neno hili halitenganishi vitu vilivyo mbalimbali. Sisi twaona kwamba halikukosea hata kidogo. Lilieleza hali halisi iliyokuwapo. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mtu mmoja mwenye bunduki, na mtu huyo alifanya kazi zote.

Force Publique iliundwa rasmi kwa dikrii ya mwaka 1888, ingawa matayarisho yalianza miaka michache kabla. Askari wake wa kwanza wengi hawakuwa watu wa bonde la Kongo: waliletwa kutoka Zanzibar na Afrika ya Magharibi, hasa Wahausa. Baadaye machifu walilazimishwa kutoa vijana, kila mmoja kwa idadi aliyopangiwa, na utumishi ulikuwa wa miaka saba. Kikosi hicho kilipigana vita kweli. Kilipambana na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Maniema kati ya mwaka 1892 na 1894. Kiliingia Tabora mwezi wa Septemba 1916 chini ya Jenerali Tombeur. Mwaka 1941 kilifika hadi Ethiopia, na huko Saio Jenerali Gazzera wa Italia akasalimu amri. Lakini tukihesabu siku za askari mmoja mmoja, siku za vita dhidi ya adui wa nje zilikuwa chache sana. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kusimamia mpira, kodi, barabara na pamba. Enzi ya mpira alitakiwa hata kutoa hesabu ya risasi zake kwa mikono ya watu iliyokatwa, jambo ambalo taarifa ya Casement ya mwaka 1904 ililiweka wazi mbele ya dunia.

Basi jeshi lile lilikuwa la nani? Swali si la dhihaka. Lilikuwa na nidhamu, lilikuwa na wimbo na bendera, lilikuwa na ushujaa. Kitu kimoja kilikosekana: adui wake wa kawaida alikuwa mtu yuleyule aliyezaa askari wake. Wenyewe walilijua hilo, na waliasi si mara moja: Luluabourg mwaka 1895, miaka miwili baada ya kuuawa kwa Ngongo Lutete, safari ya Dhanis mwaka 1897, Luluabourg tena mwaka 1944. Uasi wa mwisho ndio uliobadilisha historia. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru ikiwa na jeshi la watu takribani 25,000 ambalo halikuwa na afisa hata mmoja Mkongomani. Siku tano baadaye Jenerali Janssens aliwakusanya makamanda wadogo na kuwaandikia ubaoni kwamba mambo baada ya uhuru ni sawa na kabla ya uhuru. Usiku huohuo kambi ya Thysville, ambayo leo ni Mbanza-Ngungu, ikawaka. Baada ya hapo jina likabadilishwa, Victor Lundula akapandishwa kuwa jenerali na Joseph-Désiré Mobutu kuwa kanali na mkuu wa utumishi wa makao makuu. Wote wawili walikuwa wametumikia Force Publique.

Jirani zetu wa Tanganyika walipitia jambo lifananalo na hili. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, nao wakidai mishahara na maafisa Waafrika. Serikali ya Nyerere ilikivunja kikosi kizima, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiwa na vijana waliochujwa upya, wengi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa na umoja wa vijana wa TANU. Hatutaki kulipamba jeshi hilo. Lilifungamana na chama hadi mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992, jambo ambalo katiba yetu ya leo isingelikubali. Linalotuhusu hapa ni tofauti ya utaratibu: kule waliandika watu upya na kuuliza jeshi ni la nani, kisha wakaandika jibu ndani ya jina lenyewe kwa lugha ambayo kuruta na mkulima wanaisikia bila mkalimani. Kwetu jina lilibadilika na watu wakabaki, na jibu lilikuwa katika lugha ya maafisa.

Tufike sasa kwenye neno ambalo kwa maoni yetu ndilo kitovu cha jambo lote, nalo ni kitenzi kulinda. Majeshi ya Kiswahili siku hizi huitwa majeshi ya ulinzi, na wengi hudhani kwamba ulinzi ni neno la kisiasa lililotengenezwa maofisini. Sivyo. Kulinda ni neno la shambani. Mkulima hulinda mpunga usiliwe na ndege, hulinda mahindi yasiliwe na nyani. Kwa kazi hiyo hujenga dungu, au ulingo, jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mimea, na kijana huketi pale tangu alfajiri akiwa na kombeo na kopo la kugonga. Zamu yake na mahali pake huitwa lindo. Ndiyo maana hata leo twasema askari yuko lindoni. Tazama jinsi picha hii ilivyokamilika. Mlinzi ameinuliwa juu ya shamba, lakini si mwenye shamba. Hulishwa na mwenye shamba, kwa kuwa mtu anayelinda hawezi wakati huohuo kulima. Na kazi yake hupimwa siku ya mavuno: hakuna atakayeuliza alikuwa na kombeo zuri kiasi gani, bali mpunga umebaki kiasi gani.

Kinyume cha picha hii kilisemwa nchini kwetu kwa Kilingala, tena kwa muda mrefu, hata kikawa kama methali: raia ni shamba la askari. Maneno ni yaleyale, shamba na mtu mwenye silaha, ila uhusiano umepinduliwa. Mlinzi ameshuka kutoka dunguni na kuanza kuvuna. Usemi huu haukuzaliwa na ukatili wa tabia tu. Ulizaliwa na hesabu. Chini ya Mobutu vikosi vichache vilivyomlinda yeye, hasa Division Spéciale Présidentielle, vililipwa na kulishwa, na vingine vikaachwa vijitafutie. Matokeo yalionekana mapema kwa aliyetaka kuona. Mwaka 1977 na tena mwaka 1978 Shaba ilipovamiwa kutoka Angola, mara ya kwanza waliotusaidia walikuwa Wamoroko, na mara ya pili, huko Kolwezi, askari wa miavuli wa Ufaransa na wa Ubelgiji. Jeshi lililokuwa na nguvu za kutosha kumtisha raia kila kizuizi cha barabara halikuwa na nguvu za kulinda mji wa migodi. Mwezi wa Septemba 1991 askari wa miavuli wa kambi ya N'djili, waliochoshwa na mshahara usiotosha chakula cha siku chache, waliingia Kinshasa na kupora. Uporaji ukasambaa hadi miji mingine. Mwezi wa Januari 1993 walilipwa kwa noti mpya ya zaire 5,000,000 ambayo wafanyabiashara waliikataa, na uporaji ukarudi kwa umwagaji damu zaidi. Aliyepandisha mlinzi dunguni bila chakula amlaumu nani atakapokuta masuke yametafunwa?

Hapa tuseme neno juu ya raia, kwa sababu nalo lina historia yake. Asili yake ni Kiarabu, ra'iyya, pamoja na wingi wake, na mzizi wake ni ule wa kuchunga. Raia wa kwanza, kwa maana hiyo, ni kundi la mifugo lenye mchungaji. Dola za zamani ziliwaita watu wake hivyo na hazikuona aibu. Kiswahili kimelipandisha neno hili cheo, hata leo raia ni mwenye haki, lakini katika kinywa cha mwenye bunduki maana ya kale hurudi kwa urahisi wa kutisha. Neno mwananchi, mtoto wa nchi, halina udhaifu huo. Tena linamkumbusha askari jambo moja, kwamba yeye naye ni mwananchi kabla ya kuwa askari.

Suala la lugha ya jeshi lenyewe si dogo, nasi tunaofundisha Kiswahili hatuna haki ya kulipita. Kilingala kilifanywa lugha ya Force Publique, na kimeendelea kuwa lugha ya kambi zetu. Kwa mtu wa Kivu au Katanga, kwa vizazi kadhaa, Kilingala kilisikika kwanza kizuizini, kwa sauti ya amri. Wengi mashariki wamekichukia kwa sababu hiyo, jambo ambalo ni makosa, kwani lugha haibebi bunduki. Na ushahidi ulipatikana mwaka 1997. Wapiganaji wa AFDL walipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei walizungumza Kiswahili, na kwa wakazi wengi wa mji mkuu Kiswahili kikageuka ghafla kuwa kile ambacho Kilingala kilikuwa kwetu: lugha ya mgeni mwenye silaha. Katiba ya mwaka 2006 yazitaja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, na kuiagiza Dola izikuze bila ubaguzi. Askari atakayepangiwa Rutshuru akajifunza kusalimu kwa Kiswahili, na mwenzake wa Kamina atakayepangiwa Mbandaka akajifunza Kilingala cha adabu badala ya kile cha kambini, watakuwa wamefanya kazi ya ulinzi kabla hawajagusa silaha. Habari za adui huletwa na wenyeji, na mwenyeji hamwendei mtu asiyeweza hata kumwamkia.

Pamoja na AFDL lilikuja neno kadogo. Kisarufi ni kipunguzi cha kiambishi ka-, chenye upole, kama mama anavyomwita mtoto wake wa mwisho. Kwa upole huohuo liliwafunika watoto wa miaka kumi na miwili wenye bunduki ndefu kuliko miguu yao. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa mwaka 2012 juu ya jambo hilihili, ilipomtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 huko Ituri katika miaka ya 2002 na 2003. Mwalimu anapowafundisha wanafunzi vipunguzi, asiliache neno hili nje. Ni mfano wa jinsi umbo tamu la lugha linavyoweza kuficha kosa la jinai.

Baada ya mapatano ya Pretoria ya mwezi wa Desemba 2002, waliokuwa wakipigana waliingizwa katika jeshi moja kwa njia iliyoitwa brassage, yaani kuchanganya kama pombe inavyokorogwa. Nia ilikuwa njema. Lakini vyeo viligawiwa kama thawabu ya vita, na mshahara uliendelea kupita mikononi mwa makamanda, ambao wengi waliorodhesha askari hewa na kula posho zao. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya ulioanza kazi mwaka 2005 ulisaidia kuhesabu askari na kutenganisha njia ya fedha na njia ya amri. Jambo hilo laonekana la makarani. Sisi twaliona kuwa la msingi kuliko manunuzi mengi ya silaha, kwa kuwa lilirudi kwenye swali la dunguni: nani amlishaye mlinzi?

Mifano miwili ya karibu yaonyesha pande mbili za jambo. Mwezi wa Novemba 2012, Goma ilipoangukia mikononi mwa M23, askari waliokimbia walifika Minova na kuwabaka wanawake na kupora nyumba kwa siku kadhaa. Kesi iliendeshwa, washtakiwa wakawa 39, na hukumu ya mwaka 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wachache sana. Mwaka mmoja tu baada ya Minova, jeshi hilohilo, lenye jina lilelile, likisaidiana na brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, liliishinda M23, na watu wa Goma walimshangilia Kanali Mamadou Ndala barabarani kama ndugu aliyerudi safari. Aliuawa karibu na Beni tarehe 2 Januari 2014, na waliomlilia hawakuuliza kabila lake. Kati ya Novemba 2012 na Novemba 2013 katiba haikubadilika wala sare haikubadilika. Kilichobadilika ni makamanda, chakula, na amri iliyoeleweka. Mwezi wa Januari 2025 Goma ilianguka tena, Bukavu ikafuata mwezi wa Februari. Jenerali Peter Cirimwami, gavana wa Kivu ya Kaskazini, alikuwa amejeruhiwa mstari wa mbele akafa siku chache kabla ya mji kuchukuliwa. Tusiwataje waliokimbia bila kuwataja waliobaki lindoni.

Ni katika miaka hii neno mzalendo limepata maana mpya mashariki. Kwa asili mzalendo ni mwenyeji, mzaliwa wa mahali, na kwa kupanuka, mwenye kuipenda nchi yake. Tangu mwaka 2022, M23 iliporudi vitani, Wazalendo limekuwa jina la vikundi vyenye silaha vinavyopigana upande wa serikali, vingi vikiwa ni Mai-Mai wa jana. Mwaka 2023 sheria iliunda jeshi la akiba la ulinzi ili kuwapa wananchi kama hao mlango wa kisheria. Ujasiri wa wengi wao hauna shaka. Hata hivyo kifungu cha 190 cha Katiba chakataza mtu yeyote kuunda vikosi vya kijeshi au wanamgambo wa binafsi, na kisarufi pia kuna hatari: sifa ya wananchi wote ikishakuwa jina la kikundi kimoja, asiye katika kikundi hicho huitwaje? Mtu aliyebaki akifundisha, akilima au akitibu wagonjwa asinyang'anywe uzalendo kwa njia ya herufi kubwa.

Tumalizie na kazi ya tafsiri, ambayo ndiyo iliyotuongoza kwenye mawazo haya. Kifungu cha 187 chayapa majeshi kazi mbili: kulinda ukamilifu wa nchi na mipaka yake, na wakati wa amani kushiriki katika maendeleo na katika ulinzi wa watu na mali zao. Mfasiri hapati taabu hapo. Kitenzi kulinda chabeba yote mawili. Taabu i katika kifungu cha 188, kisemacho kwamba majeshi ni ya Jamhuri, yanatumikia taifa zima, na kwamba anayeyageuza kwa faida yake mwenyewe ana hatia ya uhaini mkuu. Kinaendelea kusema kwamba hayana siasa na yako chini ya mamlaka ya kiraia. «Hayana siasa» haitoshi, kwa kuwa kila askari ana haki ya kufikiri. Afadhali «hayafungamani na siasa». Na «mamlaka ya kiraia», ijapokuwa imezoeleka, yatuacha na kundi la mifugo linalomwamuru mchungaji wake, jambo ambalo kuruta aliyelelewa na usemi wa shamba la askari atalisikia kama mzaha. Twapendekeza katika mafunzo ya kambini itumike «mamlaka ya wananchi kupitia wale waliowachagua». Ni ndefu, na wanasheria wataikataa kwa urefu wake, lakini yaweza kuelezwa kwa kuruta kwa dakika tano bila kamusi.